Doa la Chini ya Kabati

"Nani aliweka jagi chini, Mama Limi? Nijibu hilo tu. Jagi zima la juisi ya rozela, chini, kwenye zulia la watu..."

"Na nani alipanua mikono kama anataka kuruka? Ulikuwa unaenda wapi, Baba Limi?"

"Nilikuwa naonyesha pembe."

"Pembe."

"Pembe za ng'ombe. Ukiwaacha wale watu wa Mhunze watakuletea ndama wakuambie ndiyo dume lenyewe. Ng'ombe wa mahari anaonyeshwa kwa mikono, haelezewi kwa mdomo kama mtu aliyepotea."

"Basi umewaonyesha. Na zulia nalo limeona."

Mabula na mkewe Philomena walikuwa wamesimama kila mtu upande wake wa doa, kama majirani wanaogombea mpaka. Doa lenyewe lilikuwa limelala katikati ya zulia rangi ya maziwa, jekundu, pana, kama vile kuna mbuzi kachinjwa pale na nyama imeshaliwa. Jana yake wageni wa Mhunze walikuja kuzungumzia mahari ya Limi, binti yao wa kwanza. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka ng'ombe wa kumi na moja. Huyo wa kumi na moja ndiye Mabula alitaka awe na pembe za maana, akanyoosha mikono yote miwili, kiwiko cha kushoto kikakutana na jagi. Wageni walicheka, wakasema kumwagika kinywaji ni baraka. Kusema hivyo kwao kulikuwa rahisi. Zulia halikuwa lao.

Halikuwa la Mabula pia. Lilikuwa la Mama Ritha.

Pale Bugarama ukisema Mama Ritha husemi mara mbili. Ni mama anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na ndiye anayelisha zamu nzima kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, analochimba Mabula: unga wake, maharage yake, mafuta ya pampu yake. Mwaka jana Chacha alipoteza sururu moja tu, akaambiwa akaitafute na asirudi bila hiyo. Mpaka leo Chacha anauza mahindi ya kuchoma stendi. Sasa hapa ni zulia, na si zulia hivi hivi. Ndilo alilokuwa analitandika kwenye chumba anachopimia mzigo wa dhahabu, kabla mumewe George hajabaki chini. Miaka sita iliyopita mvua kubwa ilijaza maji kwenye duara, kuta zikashuka, wakachimba siku kumi na moja hawakumfikia, shimo likafukiwa. Mbele ya Mama Ritha hakuna anayemwita George marehemu, maana hakuzikwa. Wanasema tu Baba Ritha. Tangu mwaka ule zulia lilikuwa limekunjwa ndani, na watu walishangaa alipokubali kuliazimisha.

"Anakuja saa kumi kulichukua," Philomena alisema. "Hujaniambia utamwambia nini."

"Nitamwambia limeingia baraka."

Philomena alileta ndoo ya maji. Alipiga magoti, akamwaga sabuni ya unga kwenye doa, akachovya brashi ya viatu kwenye maji, akasugua kama anamsugua Mabula mwenyewe. Povu likapanda. Akasugua tena. Halafu akasimamisha mkono.

"Baba Limi."

"Nini?"

"Limegeuka."

Mabula akainama. Lile doa jekundu lilikuwa linakuwa bluu. Si bluu ya kuchafuka, bluu kabisa, kama sare ya shule, na pembeni lilianza kuingia ukijani. Waliliangalia wote wawili. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi walikuwa wamesimama upande mmoja.

"Hii si rozela," Mabula alisema kwa sauti ndogo. "Hii ni kitu kingine."

* * *

Akapiga simu Kahama, kwa Fredy anayeosha magari na mazulia. Aliweka sauti ya nje ili mkewe asikie kwamba mambo yanafanyika.

"Doa la nini?" Fredy akauliza.

"La juisi. Dogo tu."

"Dogo kiasi gani?"

Mabula akaliangalia. "Kama sinia."

"Sinia la chai au sinia la pilau?"

"La pilau."

"Zulia ni la kwako au la kuazima?"

"La hapa nyumbani."

"Hilo la kuazima," Fredy akasema. "Mwenye zulia lake hapigi simu saa mbili asubuhi. Haya, mmeweka nini mpaka sasa?"

"Sabuni ya unga."

Fredy alicheka, na nyuma yake kuna mwingine alicheka pia, maana kumbe na yeye alikuwa ameweka sauti ya nje. "Kaka, rozela ukiipiga sabuni umeitukana. Niletee, siku tatu, elfu themanini. Ila sikuahidi kitu."

"Siku tatu hatuna."

"Basi muazime na nyumba ya kuhamia," Fredy akasema, simu ikakatika.

Mabula aliweka simu mfukoni taratibu. Elfu themanini hakuwa nayo, lakini lililomuuma zaidi ni yule mwingine aliyecheka. Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na kichupa cha kioo kilichofungwa kwa mpira. Ilikuwa asidi, ile wanayosafishia dhahabu ikitoka kwenye moto ina weusi.

"Hii ikipita kwenye dhahabu, uchafu wote unakimbia," alisema. "Unabaki mng'ao mtupu."

"Una uhakika?"

"Mama Limi, mimi nimechimba miaka kumi na nne. Kama kuna kitu nakijua ni kutenganisha kitu na uchafu."

"Weka hiyo chupa chini."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mama yake Mabula, ambaye nyumba nzima inamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Ni mwanamke mfupi, mkavu, na mikono yake haiendani na mwili: mikubwa, vidole vimepauka kwa maji. Kwa miaka thelathini Mayu aliosha mchanga mwaloni. Mwaloni ni pale mawe yaliyosagwa yanapopitishwa na maji juu ya ubao ulioinama, na juu ya ubao huo kumetandikwa vipande vya zulia. Mchanga unateremka, dhahabu ambayo ni nzito inajificha kwenye manyoya. Kazi ya Mayu ilikuwa kulitoa zulia na kulifanya liiachie dhahabu bila kupoteza hata chembe. Katika mambo yote ya shughuli ya jana, hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Walimpa kiti karibu na mlango na sahani ya kwanza ya wali, wakaona wamemheshimu.

"Mayu, hii inasafisha dhahabu," Mabula akasema.

"Dhahabu haiungui. Hilo zulia ni dhahabu?"

Mabula akaweka chupa chini.

"Nani kaweka sabuni?"

"Mimi, mama," Philomena akasema.

"Na brashi?"

"Mimi."

"Sawa. Mlichukue, tulipeleke nje. Limi yuko wapi? Aninunulie ndimu kumi, na apite duka la dawa, aseme anataka ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Chupa mbili. Maji ya baridi, ya mtungini. Mtu akiniletea ya moto namrudisha kwao."

* * *

Walitoa mlango wa choo cha nje, wakauegesha juu ya matofali, upande mmoja juu, mwingine chini, ukawa umeinama kama ubao wa mwaloni. Zulia likalazwa pale. Chini kwenye ncha Mayu akaweka karai.

"Karai la nini, mama?" Philomena akauliza. "Si maji machafu tu?"

"Sijawahi kuosha zulia bila karai," Mayu akasema, kana kwamba ameulizwa kwa nini amevaa nguo.

Akaanza. Na hapa ndipo watu walianza kusogea, mmoja mmoja, maana uani kwa Mabula ni njia ya kwenda kisimani. Kwanza alikata ndimu, akakamua juu ya ule ubluu bila kusugua. Ubluu ukasita. Halafu, mbele ya macho ya watu, ukarudi kuwa mwekundu.

"Mama yangu," mwanamke mmoja mwenye ndoo akasema. "Linatii."

"Linasema ukweli sasa," Mayu akasema. "Sabuni ilikuwa inalifundisha uongo. Likiwa jekundu ndiyo nalijua."

Hakusugua hata mara moja. Alichukua kipande cha shuka jeupe, akakikandamiza kwa kiganja, akakaa nacho, akahesabu kitu kimoyomoyo, akakitoa. Kitambaa kikatoka na wekundu. Akageuza upande safi. Tena. Kutoka pembeni kuja katikati, siyo katikati kwenda pembeni, kama mtu anayerudisha kuku bandani. Kisha maji kwa kata, kidogo, kutoka juu, yateremke yenyewe. Kisha ndimu. Kisha kiganja. Jua likapanda. Mabula alijaribu kusaidia akaambiwa anatisha zulia.

Kufikia saa tano lile sinia la pilau lilikuwa sahani. Saa sita likawa kisosi. Philomena, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliishi na huyu mama na kumbukumbu yake kubwa ilikuwa ugomvi wa chumvi ya mboga, alikuwa amekaa chini na mikono kwenye mapaja, anaangalia ile mikono mikubwa kama mtu aliyeingia kanisani akakuta kwaya inaimba. Hakujua. Miaka yote hiyo hakujua kwamba anaishi na mtu wa namna hii. Saa saba Mayu alimwaga kata moja ndefu ya maji, akapangusa, akarudi nyuma hatua moja.

Hakukuwa na kitu. Zulia lilikuwa jeupe la maziwa, limelowa, linang'aa. Mwanamke mwenye ndoo alikuwa hajaenda kisimani bado.

"Wabeja, Mayu," Mabula akasema. Alimshukuru kwa Kisukuma kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto.

"Bado," Mayu akasema. "Hili hapa la nani?"

Alikuwa anaangalia kona ya juu. Kulikuwa na doa jingine, la zamani, zambarau iliyokauka ikawa kama kahawia.

"Hilo la Mama Ritha mwenyewe," Philomena akasema. "Lilikuja nalo. Siku tunalichukua aliikunja hiyo kona kwa mikono yake, akaniambia, kona hii iwekeni chini ya kabati, watu wasiikanyage. Linamtia aibu, maskini. Mtu mwenye hela zake, zulia lina doa."

"Tukimtolea na hilo," Mabula akasema, akaanza kuchangamka, "tunarudisha zulia zuri kuliko tulivyochukua. Hata akisikia habari za jana, atasema nini?"

Mayu alisogea kwenye kona. Aliinama mpaka pua ikawa karibu na manyoya. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa doa polepole.

"Huyu aliyemwaga alikuwa amesimama," alisema. "Tone la kwanza kubwa, limeanguka kutoka juu. Lina umbo la jani la mpapai. Halafu matone madogo, moja, mawili, matatu, manne, yanakwenda upande huu. Mlango ulikuwa huku. Alikuwa na haraka. Alikunywa anatembea."

Watu walitazamana. Limi alisogea karibu. Bibi yake hakujua kusoma, kalamu hakuwahi kuishika zaidi ya kuweka alama ya kura, lakini alikuwa anasoma.

"Lina miaka," Mayu akasema. "Halitaki kutoka." Kisha akafungua dawa ya vidonda, kwa sababu mwanawe alikuwa na hofu na yeye alikuwa na uwezo, na mtu mwenye uwezo ni shida kumzuia.

Ile dawa ilichemka kwenye doa, povu dogo jeupe. Akafunika na kitambaa kilicholowa, akaacha jua lifanye kazi, akarudia. Mara nne. Yale matone madogo yaliondoka moja moja, kwanza la karibu na mlango, mwisho lile la jani la mpapai. Saa nane na nusu kona ilikuwa safi, na ukiweka mkono pale hungejua kuna kitu kiliwahi kuwepo.

Ndipo Mayu alipokaa kando ya karai. Alifanya kwa mazoea tu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba isiyo na kitu. Akamwaga maji ya juu, akazungusha, akamwaga, akazungusha. Mchanga mweusi ukabaki mstari mwembamba. Akaliinamisha karai juani. Kwenye ncha ya mstari ule kulikuwa na ukucha wa njano.

Watu walisogea wakainama. Siku zile zulia lilipokuwa limetandikwa wachimbaji walikuwa wameingia na buti zao kwenye chumba cha Mama Ritha, wamefungua karatasi zao, wamepuliza vumbi juu ya mizani, na zulia lilikuwa linameza kimya kimya. Mabula alishusha sauti. "Mayu. Hiyo inafika pointi tatu za gramu."

"Nne."

"Hakuna anayejua kama ipo."

Mayu akaikusanya kwenye kifuniko cha soda, akakifunika na kiganja. "Mimi najua," alisema. "Zulia la nani?"

* * *

Mama Ritha alikuja mapema, kwa bodaboda, saa tisa. Wenye ndoo walikumbuka maji. Limi akamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba bila kumwangalia, macho yake yakiwa kwenye ule mlango wa choo.

"Shikamoo mama," alimwambia Mayu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nitakuambia mwenyewe. Jana zulia lako lilimwagiwa rozela, mwanangu ndiye alimwaga. Leo nimelitoa. Angalia uone."

Mabula alifunga macho. Hiyo ndiyo hotuba aliyokuwa anaipanga tangu asubuhi, na haikuchukua hata pumzi mbili.

Mama Ritha aliangalia katikati ya zulia. Akapiga goti, akapitisha mkono, akanusa kidole. Huyu ni mtu aliyezoea kutafuta kasoro, ndiyo kazi inayomlisha. Hakuiona. Akamtazama Mayu kwa namna ambayo watu wa pale hawajawahi kumwona akimtazama mtu.

"Hapa palikuwa na rozela?"

"Sinia la pilau," Mabula akasema, halafu akajuta.

"Na hiki ni chako," Mayu akasema, akamwekea kile kifuniko mkononi. "Kilikuwa ndani ya zulia."

Mama Ritha aliona ule unjano. Mtu anayeweza kukwambia uzito wa dhahabu kwa kuitupia jicho aliitupia jicho, na hakusema uzito. Alikuwa ameshageukia kona ya juu. Alikiweka kile kifuniko juu ya tofali kama mtu anayeweka kisoda kitupu, kikayumba, Mabula akakidaka.

Alipapasa kona. Akaigeuza, akaangalia chini yake. Akahamia kona nyingine, kisha akarudi ileile.

"Lilikuwa hapa," alisema.

"Tumelitoa lote, mama," Philomena akasema haraka, kwa furaha, maana hiyo ndiyo zawadi waliyokuwa wanaisubiria. "Na hilo la aibu tumekutolea. Ndiyo maana ulisema likae chini ya kabati."

"Nilisema watu wasilikanyage."

Philomena akaiangalia ile kona, akaanza kuelewa.

Mama Ritha hakupandisha sauti. Mabula angependa apandishe, hiyo angejua pa kuishika.

"Alikuwa amechelewa zamu," alisema, akiwa bado ameshika kona. "Anakunywa soda huku anavaa buti. Nikamgombeza. Zulia lilikuwa jipya, lina wiki mbili. Nikamwambia George, ukirudi utalifua mwenyewe, mimi siligusi. Akacheka, akatoka. Sikuligusa. Nilikuwa namsubiri alifue."

Mayu alikaa chini pale pale kwenye matope. Mikono yake mikubwa ilikuwa mapajani, viganja juu, na kwa mara ya kwanza siku ile haikuwa na la kufanya.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nililisoma. Nililisoma kabisa, nikaona alikuwa na haraka. Sikujiuliza alikuwa nani."

"Uliona alikuwa na haraka?"

"Matone manne, yanakwenda mlangoni."

"Manne," Mama Ritha akasema. "Ndiyo. Manne."

Philomena alikuwa analia bila sauti. Mabula alisimama na kifuniko cha dhahabu mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu, anasubiri neno la kumfukuza duarani, na alikuwa ameshakubali moyoni kwamba likija litakuwa la haki. Akawa anafikiria stendi, na mahindi ya Chacha.

Mama Ritha alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akafungua pochi, akatoa noti ya elfu mbili, akamnyooshea Limi.

"Nenda dukani, kaniletee soda ya zabibu. Isiwe ya baridi."

Kisha akamgeukia Mayu, akashuka akakaa naye kwenye matope, na ile kona akaitandaza mbele yake.

"Mama, wewe umelishika kwa mikono yako. Unajua lilivyokaa, lilipoanzia na lilipoelekea. Mimi naweza nikakosea. Naomba unimwagie tena, hapa hapa."